Embe zimeingia mjini, mnazijuaje tamu na mnazilaje?

MtuWaChumbageni
Wakuu habari za jioni. Mie mtu wa Tanga nimehamia Dar mwaka wa pili huu, kazi tu ndo imenileta. Sasa juzi natoka job nikashuka Buguruni, nikakuta toroli limepangwa embe za njano zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta, nikachukua sita kwa elfu tatu, njiani mate yanajaa mdomoni. Nafika home nakata ya kwanza, nje njano ndani nyeupeee, kali kuliko ndimu. Ya pili hivyohivyo. Nikazikata zote sita kwa hasira, wife ananiangalia tu hasemi kitu.

Shida ni kwamba kwetu sijawahi kununua embe hata siku moja. Kwa bibi kulikuwa na mwembe uani, usiku ukipiga upepo unasikia puu! juu ya bati na kila aliye kitandani anajua kesho alfajiri kuna mbio. Kwa hiyo kupopoa najua, kuchagua sokoni sijui. Nipeni maujuzi, mnazijuaje? Halafu na mnazilaje, maana kukata vipande kwenye sahani na uma nimechoka, najiona kama niko semina.

Fundi_Gesi
Pole mkuu, hizo zimepigwa kabaidi. Mie kazi yangu kuchomelea vyuma hilo jiwe nalijua vizuri, ukilimwagia maji linatoa gesi ya asetilini, ndo tunayochomelea. Sasa kuna wajanja wanalifunga kwenye karatasi wanalitumbukiza katikati ya tenga la embe changa, unyevu wa embe zenyewe unatosha kuliamsha, baada ya siku moja mbili ganda lote njano ila ndani embe bado ni mtoto. Sukari haijajitengeneza, ni rangi tu. Na hiyo kabaidi ya viwandani huwa ina mabaki ya aseniki na fosforasi, so sio suala la utamu peke yake.

Cheki hivi: ukiona tenga zima rangi moja, hakuna yenye doa wala yenye kijani kidogo begani, tia mashaka. Halafu ichukue uinuse pale kwenye kikonyo. Embe iliyoivia mtini inanukia palepale. Haina harufu, rudisha. Muuzaji akikasirika unavyonusa basi hama meza.

BiMkubwa_Ng'ambo
Mwanangu weye umenunua rangi, hukununua embe 😂

Sie huku Unguja mtu hasemi tu "nataka embe", ataulizwa embe gani? Dodo, boribo, sindano, muyuni, kila moja na kazi yake na kila nyumba na ugomvi wake. Mie boribo, marehemu mume wangu dodo, tumebishana miaka thelathini.

Kama huna imani na mbivu za sokoni nunua zilizokomaa bado ngumu ukavundike mwenyewe. Zifunge gazeti moja moja, zitie kwenye pipa la mchele, weka na ndizi mbivu moja pembeni maana ndizi nayo inatoa gesi yake ya kuivisha wenzie, tena hiyo haina dhara. Siku tatu nne. Lakini tafadhali usiwe wa kufunua kila saa kuchungulia, joto lote linatoka.

Na hizo mbichi usizidharau. Chukua changu wako au samaki yoyote, embe mbichi badala ya ndimu, katakata uitie kwenye tui jepesi ichemke mpaka ilainike na ukali utoke, tui zito mwisho kabisa huku unakoroga usiache mkono likakatika. Kwa wali mweupe. Siku hiyo usialike mtu.

Mtu_wa_Boma
Kumbe watu mnanunua embe?

Niko Tabora. Miembe huku ipo kila kona, mingine ya zamani sana tangu enzi za misafara ile ya Waarabu iliyokuwa ikipita hapa kwenda Ujiji. Msimu ukikolea embe zinaoza chini, mbuzi wenyewe wanachagua, akikuta iliyopasuka anaipita. Ukimpelekea mtu zawadi ya embe anakuuliza kwani nimekukosea nini.

MtuWaChumbageni
@Mtu_wa_Boma usinitie uchungu mkuu

Kibarazani001
Mombasa hapa. Nyinyi mwangoja ziive kwa nini? Embe mbichi ile ngumu inayolia kwa kisu, waipasua mapande, chumvi, pilipili ya unga, kisha mwakaa pale ufuoni Mama Ngina jioni mwatazama meli ziingie. Meno yafa ganzi lakini mkono hauachi.

Ila angalieni ule utomvu wa kwenye kikonyo. Nikiwa darasa la tano tuliiba za jirani tukazila papo hapo bila kuosha, kesho midomo imebabuka yote tukajulikana wezi bila hata kuulizwa. Mama yangu hakunipiga, aliniambia tu nenda kamsalimie jirani. Nikaenda na midomo ile.

Mbivu kwangu ni ngowe. Hiyo sitaki ubishi.

Mswazi_Leicester
Huku Uingereza msimu wetu wa embe ni Juni Julai, zile za Pakistan zinauzwa kwa boksi kwenye maduka ya Wahindi, tamu kusema kweli sitadanganya. Tatizo ni hakuna mti. Unafungua boksi umekaa mezani na soksi. Mwenye mwembe uani hebu aturushie picha basi.

Fundi_Gesi
Halafu mtoa mada uliuliza kula. Embe ndogo usikate. Ifinyefinye taratibu mkononi mpaka ndani iwe uji, ng'ata kitobo nchani, nyonya. Ikiisha ndo unachana ganda unashughulika na kokwa. Vua shati kwanza.

MtuWaChumbageni
Wakuu nimerudi na mrejesho. Jumamosi nilienda Mabibo mapema, nikanusa kama alivyosema fundi, meza ya kwanza hamna kitu, ya pili hamna kitu, ya tatu mama mmoja akanicheka akasema "wewe umefundishwa", akaniwekea pembeni dodo kumi zilizokomaa, ngumu. Nikazivundika kwenye ndoo ya mchele na ndizi. Nimechungulia mara mbili tu, bi mkubwa nisamehe.

Jana jioni wife anafungua ndoo apime mchele, harufu ikajaa jiko zima. Tumekalia ngazi ya nyuma, umeme umekatika, hamna sahani hamna kisu, maji ya embe yanatiririka mpaka kiwikoni, nyuzi kwenye meno, mtoto wa jirani kaja kusimama kimya anaangalia mpaka akapewa yake. Tumekula sita.

Zilibaki nne. Asubuhi hii nimekuta mbili, na wife anasema labda panya.