Klachi inateleza, fundi anafungua nozo! Mafundi mtatumaliza na hizi hela

Wakuu leo mnivumilie, naandika na hasira na sijali nani ataumia. Hivi kweli gereji nzima, ina kompresa, ina shimo la kushukia chini ya gari, ina vijana wamejaa na ovaroli zao, mnashindwa kutofautisha injini iliyokosa nguvu na klachi inayoteleza? Vitu viwili ambavyo mtu anavitofautisha kwa masikio, hata spana hajashika!

Gari ni Hilux pikapu ya zamani, injini 3L, ile dizeli ya cc 2779 isiyo na turbo, gia za mkono. Kazi yake ni Lushoto. Inashuka na kabichi, karoti na hoho, inapanda na mbolea na saruji. Wanaoijua barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hawahitaji maelezo, ukishaiacha Mombo ni kupanda na kona tu, mlima huku korongo huku, na ukikutana na basi kwenye kona mmoja lazima asimame. Sasa gari ikikufia pale na mzigo mgongoni unajua mwenyewe hali yako.

Dogo anayeiendesha akanipigia siku hiyo kabla hajafika Soni. "Bosi gari haivuti, namba tatu nikikanyaga mafuta injini inalia tu gari haiendi, nikirudisha namba mbili afadhali kidogo, halafu kuna harufu ya kitu kinaungua." Mnaona? Dogo ana leseni ya juzi tu na ameshamaliza kila kitu kwenye simu. Injini inalia, gari haiendi, harufu ya kuungua. Hapo kuna nini tena cha kuchunguza?

Nikamwambia ipumzishe ipoe, kisha geuza taratibu upeleke gereji uwaambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Akawaambia. Mimi niko Dar na shughuli zangu, jioni napigiwa simu na fundi mwenyewe, sauti ya kujiamini kabisa, "mzee, gari hii nozo zimekufa zote, na pampu inabidi ishushwe ikapimwe." Yaani vile vinyunyizio vya dizeli kwenye injini. Nikamuuliza umeiendesha? "Hapana mzee, nimeisikiliza." Umeisikiliza ikiwa imesimama! Gari imepaki kwenye kivuli cha mwembe, haina mzigo, haina mlima, wewe unaisikiliza nini? Nikasema kamwe usifungue kitu nakuja. Nafika kesho yake nozo nne ziko kwenye beseni la dizeli, pampu imeshapelekwa kwa watu wa kupima. Eti alitaka asipoteze muda wangu.

Basi imefungwa, nimelipa, filta mpya, eya klina mpya, pampu imepimwa. Gari imerudi mlimani. Ikateleza kuliko mwanzo! Na hili ndilo linaloniuma zaidi maana ni jambo la akili ya kawaida tu: injini umeiongezea nguvu, klachi ni ile ile imechoka, sasa hiyo nguvu ya ziada itapitia wapi? Klachi ikishindwa kubeba nguvu kidogo ukaipa nyingi ndiyo inateleza vizuri zaidi. Nimelipa hela yangu kuharakisha ugonjwa.

Nieleze kwa faida ya mwingine asije akapigwa kama hivi. Gari ya gia za mkono, ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye klachi, injini na matairi vinakwenda pamoja, havina namna ya kuachana. Injini ikizunguka haraka gari lazima iende haraka. Kwa hiyo injini ikikosa nguvu mlimani, mlio unashuka, gari inashuka mwendo, vyote viwili vinazama pamoja, na kwenye dizeli mara nyingi utaona na moshi mweusi nyuma kama hewa au nozo ina shida. Lakini mlio ukipanda na gari ikabaki pale pale au ikapungua mwendo, kuna kitu katikati kimeachia, na hicho kitu ni klachi. Pikapu yangu haina hata mshale wa RPM kwenye dashibodi, lakini masikio tunayo wakuu, au mafundi wetu wanayatumia kushikia kalamu tu?

Na inaanzia gia kubwa. Namba nne, namba tano, mlimani, na mzigo, huko ndiko klachi inabeba kazi nzito, ndiyo maana dogo akirudisha namba mbili anaona nafuu. Mjini kwenye tambarare unaweza kuendesha muda mrefu hujui kama klachi imeanza kwisha.

Tuendelee. Nikaipeleka kwa mwingine, huyu ana kibao kikubwa cha kuonyesha anapima magari kwa kompyuta. Nikamwambia kaka, klachi hii inateleza, nataka ushushe giaboksi. Akanijibu "ngoja kwanza tuipige mashine tusibahatishe." Akapiga magoti kwenye mlango wa dereva, kichwa chini ya usukani, simu kaing'ata kwa meno inamulika, anapapasa anatafuta soketi ya kuchomeka mashine yake. Nikamwacha. Anapapasa kushoto, anapapasa kulia, anafungua kifuniko cha fyuzi anakifunga. 3L jamani! Pampu yake ni ya mekanika, injini haina kontroo boksi ya kompyuta, utaiuliza nini hiyo mashine? Na hata ingekuwa gari ya juzi yenye kila kitu, mashine itakuambiaje kwamba klachi pleti ya gia za mkono imekwisha? Alipotoka kule chini akaniambia hela ya daigonosisi bado iko pale pale kwa sababu ametumia muda.

Nikamwambia njoo nikuonyeshe kipimo cha bure. Gari ilikuwa ya moto, na iwe ya moto maana klachi nyingi zikiwa za baridi zinajikaza. Tukaweka mawe matairi yote mbele na nyuma, brekimkono juu, mguu wa kulia kwenye breki, namba tatu, nikaachia klachi taratibu. Klachi nzima hapo injini inazimika palepale, pap. Hii yangu mguu wa kushoto umetoka kabisa kwenye pedeli, injini inaendelea kunguruma kama vile tuko nyutro na harufu inaanza kupanda. Nikazima haraka, maana kipimo hiki ukikirudia rudia unaichoma klachi yenyewe. Nikamwangalia. Akasema "eeh, kweli klachi." Baada ya nozo nne, pampu, filta na mashine, jibu limepatikana kwa muda wa kumenya chungwa.

Ningeishia hapo ningesema sawa, yamekwisha. Hayajaisha, sasa ndiyo ubaya wenyewe unaanza.

Nikanunua klachi kiti nzima, pleti (ile sahani inayoshikana na injini), presha pleti inayoibana, na rilizi beringi inayoiachia ukikanyaga pedeli, duka la watu ninaowaamini, nikahesabu meno ya katikati ya pleti na kupima upana wake na ile ya zamani isije ikawa ya injini nyingine. Mimi narudi Dar, dogo anabaki kusimamia. Giaboksi imeshushwa, dogo ananitumia picha WhatsApp. Naikuza ile picha: ndani ya kengele ya giaboksi kuna tope jeusi la oili na vumbi la pleti, pleti yenyewe inang'aa imelowa, flaiwili, lile gurudumu la chuma nyuma ya injini ambalo pleti inabanwa juu yake, ina madoa ya bluu ya kuungua. Nikapiga simu pale pale. Fundi, hiyo pleti haijaisha kwa kukanyagwa, hiyo imelowa oili. Badilisha sili ya nyuma ya krenki inayozuia oili ya injini na sili ya mbele ya giaboksi inayozuia oili yake, zote mbili kwa kuwa giaboksi iko chini tayari, na flaiwili ipelekwe ikachongwe. "Sawa mzee, hilo usijali." Akaniandikia na bei: sili mbili, kuchonga flaiwili, ufundi. Nikatuma hela kwa simu yote.

Gari ikatoka safi. Dogo anasifia, inapanda namba tatu mpaka Soni. Baada ya muda mfupi simu: bosi, injini inalia tena.

Nikarudi kwa fundi huyo huyo. Cha kwanza kusema ni spea feki. Nikaenda dukani, duka linasema fundi hakufunga vizuri. Fundi akabadilisha maneno, akasema dogo anaegemea pedeli ya klachi akiendesha. Ni kweli wapo madereva wa hivyo, na kweli inamaliza klachi, lakini huyu dogo nimepanda naye milima, mguu wake wa kushoto uko sakafuni. Nikamwambia fundi hebu tuanze na vitu vya nje kwanza kabla hatujalaumiana. Nikapima pedeli kwa kidole. Kwenye hizi Hilux pedeli lazima iwe na uchezaji kidogo juu kabla haijashika, kama milimita 5 hadi 15. Yangu? Sifuri! Rodi ya masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, imekazwa mpaka mwisho. Eti waliikaza "klachi ishike juu iwe nzuri." Rodi ikikazwa hivyo mafuta ya klachi yakipata moto yanatanuka yanakosa pa kurudia, yanaisukuma rilizi beringi taratibu bila mtu kukanyaga, na klachi inakuwa nusu imeachia wakati wote. Namna ya kujua ni rahisi, inapoteleza fungua ile nipo ya kutolea hewa kwenye silinda ya chini, mafuta yakiruka kwa presha na ukiifunga gari ikavuta kawaida, basi shida iko kwenye haidroliki, pleti haina kosa.

Tukalegeza rodi, ikawa afadhali kidogo lakini bado inateleza. Hapo nikasema basi, giaboksi ishuke tena, na safari hii nakaa hapa hapa. Fundi akaanza kubadilika. Eti leo kuna kazi nyingi, njoo Jumatatu. Nikaivuta gari kwenda kwa fundi mwingine, tukashusha.

Wakuu, sili ya krenki ni ile ile ya zamani. Imekauka ngumu kama plastiki ya ndoo, mdomo wake umeliwa, tope limeizunguka pande zote, hakuna mkono wa mtu uliowahi kuigusa. Flaiwili ina yale yale madoa ya bluu, imepitishwa msasa juu juu tu ing'ae. Sili ya giaboksi peke yake ndiyo mpya, na haikuwa na shida hata kidogo, maana oili iliyokuwa mle ndani ni nyeusi ya injini ya dizeli, ya giaboksi ingekuwa na ile harufu yake kali ya salfa ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Yaani amechukua hela ya sili mbili na ya kuchonga flaiwili, akaweka sili moja isiyohitajika na msasa wa bei ya karanga. Klachi kiti mpya yote imelowa.

Nimempigia. Unajua amejibu nini? "Mzee hiyo pleti usiitupe, iosheni na petroli, ipigeni msasa, itafanya kazi." Ile pleti ikishakunywa oili imekunywa, unaweza kuiosha leo ikakauka ikapendeza, kesho ikipata moto oili inatoka ndani inarudi juu. Halafu namba yangu ameiblock.

Pikapu sasa hivi iko juu ya stendi Korogwe, giaboksi chini, na kabichi ya watu imeshasafirishwa na Canter ya kukodi kwa hela yangu. Sili ya krenki nimeinunua mwenyewe nimeiweka mfukoni, sitaiachia mpaka nione mkono wa fundi unaiingiza. Risiti na meseji za malipo ninazo, na kesho nakwenda na mjumbe wa pale mtaani kwake kudai hela ya sili na ya flaiwili, hiyo siiachii hata kama ni ndogo.

Ninachoomba kwenu: nani anajua karakana yenye mashine ya kukereza chuma Tanga mjini au Korogwe hapa hapa wanaochonga flaiwili kweli, si wa kupaka msasa? Na kama kuna mtu ameshachonga ya 3L anieleze walimtoza kiasi gani, nisije nikapigwa tena.