Stephen Elop aliiua Nokia, au aliikuta mahututi?

Mleta mada: Wakuu, Nokia ikitajwa tu lawama zote anatupiwa Elop, Mkanada aliyetoka Microsoft na kukabidhiwa kampuni ya Wafini Septemba 2010. Miaka mitatu baadaye kitengo cha simu kikauzwa kwa Microsoft hao hao, yuro bilioni 5.44 pamoja na leseni za hataza. Wapo wanaosema alitumwa. Leteni hoja zenye takwimu.

Mdau 1: Ya kutumwa wekeni kando, hayana ushahidi. Kosa lake lipo kwenye mauzo. Robo ya mwisho ya 2010 Nokia iliuza simu janja milioni 28.3. Februari 2011 ukavuja waraka wake unaoifananisha kampuni na jukwaa la mafuta linaloungua, kisha akatangaza kwamba wanaiacha Symbian, mfumo endeshi wa simu janja zao, na kuhamia Windows Phone, mfumo wa Microsoft. Lumia ya kwanza, simu yao ya Windows Phone, ikaingia madukani Novemba! Miezi tisa yote hiyo, duka gani liagize simu ambayo mtengenezaji mwenyewe ameshaisomea hitima? Oda zinasimama, bei inashushwa ili stoki iishe, waandishi wa programu wanahama. Robo ya pili ya 2011 simu janja zilishuka hadi milioni 16.7. Angenyamaza mpaka Lumia iwe tayari.

Mdau 2: Anyamaze vipi, mkuu? Kuhamisha maelfu ya wahandisi ni siri isiyofichika. Na Symbian ilikuwa inaumwa tangu enzi za Kallasvuo, bosi aliyemtangulia Elop. Ilibuniwa kwa vifaa vyenye kumbukumbu finyu, hivyo mwandishi wa programu alilazimika kusimamia kumbukumbu kwa mkono. Jambo dogo likala wiki. iPhone ilitoka 2007. Jibu la Nokia, simu ya 5800, likaja mwishoni mwa 2008, na kioo chake kilitaka ukikandamize, hakikusikia mguso mwepesi.

Mdau 1: Na MeeGo, mfumo mwingine wa Nokia, je? N9, simu iliyoutumia, ilisifiwa na wakaguzi wengi 2011, naye Elop alikuwa ameshaihukumu kabla haijatoka.

Mdau 2: Simu moja nzuri si mfumo. Programu ziko wapi?

Mdau 3: Mnapita pembeni ya kosa kubwa zaidi. Windows Phone 7 iliruhusu prosesa ya kiini kimoja tu na kioo cha pikseli 800 kwa 480, wakati Samsung walishaingia viini viwili. Lumia 900 ikazinduliwa Marekani Aprili 2012. Juni mwaka huo huo Microsoft wakatangaza Windows Phone 8, yenye msingi mpya kabisa, na Lumia zote zilizokwisha kuuzwa hazikuweza kupandishwa. Yaani mteja aliyenunua Aprili, Juni simu yake imezeeka. Kosa la Symbian likarudiwa, safari hii kwa bidhaa mpya.

Mleta mada: Lakini baada ya mauzo, Nokia ilibaki na kitengo cha mitambo ya mitandao ya simu na hataza zake. Microsoft ndio walioandika hasara ya dola bilioni 7.6 mwaka 2015. Hapo hatumpi Elop maksi hata moja?

Mdau 1: Maksi hizo mpe Risto Siilasmaa, mwenyekiti wa bodi wakati huo. Ndiye aliyeongoza mazungumzo ya kuuza. Elop alilipwa takriban yuro milioni 24.2 alipoondoka, anatosheka.