Springi ya lori, nondo au bomba la zinki: nichukue kipi?

Mhunzi Mchanga: Wakuu, habari zenu. Kuna jamaa anafunga yadi yake ya skrepa, kaniambia nikachague kesho kabla hajauza vyote kwa mkupuo. Nimeona springi bapa za lori, zile za kupangwa tabaka tabaka, nondo za milimita 16 zenye kutu, na mabomba ya maji yaliyopakwa zinki. Usafiri nilionao unabeba aina moja tu. Mngechukua kipi?

Tindo Butu: Unatengeneza nini? Umetuomba tukuchagulie viatu huku miguu umeificha.

Mama Cheche: Na moto wako ni wa mkaa, wa gesi, au wewe ni wa grenda na kuchomelea tu?

Grenda Mbili: Springi, mjadala umefungwa. Nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6, ukizinywesha vizuri, yaani kuzichovya zikiwa za moto zipoe ghafla, zinashika makali. Nondo waachie wajenzi.

Fuawe ya Babu: Nondo msiidharau. Ni kweli hujui kilichomo, maana nyingi huyeyushwa kutoka skrepa za kila namna. Kipande hiki laini, jirani yake kigumu. Lakini anayejifunza ataharibu vipande kumi ndipo apate kimoja. Afadhali aharibu nondo. Ndoano na koleo zangu zote ni nondo.

Mama Cheche: Springi mimi naipenda, ila sikilizeni yaliyonikuta. Nilikata kipande, nikafua tindo, nzuri hadi nikaipiga picha. Nikaipasha mpaka sumaku ikaacha kuishika, nikaichovya kwenye ndoo ya maji. Nikasikia "tik", kama ukucha ukigonga glasi. Nikaigeuzageuza, sikuona kitu, nikairudishia moto kidogo hadi ikawa rangi ya majani makavu. Kesho yake nikaanza kukatia kichwa cha boliti. Pigo la nne ncha ikaruka, ikachora mfereji kwenye miwani yangu, sawasawa na jicho la kushoto. Nilipookota kile kipande, nusu ya pale kilipovunjikia ilikuwa inameta kijivu, nusu nyeusi tii. Yaani ufa ulikuwa humo tangu springi iko chini ya lori, mimi nikaufua nao.

Grenda Mbili: Maji ndiyo yamekupasulia, dada. Springi ni mafuta! Hiyo "tik" ni nini kama si maji?

Mama Cheche: Ufa wa kwenye ndoo ungekuwa na rangi ile ya kurudishia moto. Weusi ule ni magamba ya tanuru, yale yanayoota chuma kikiwa chekundu motoni. Mafuta nakubali, sasa natumia ya kupikia niliyoyapasha kidogo. Ila hayazibi ufa wa zamani.

Grenda Mbili: Bado nasema maji.

Tindo Butu: Mnabishana huku mabomba hakuna aliyeyagusa. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, ukiuvuta jioni unatetemeka kwa homa chini ya mablanketi mawili. Usiyatie motoni kabisa.

Fuawe ya Babu: Kama ni makali, tafuta tupa kuukuu. Kaboni yake inazidi ya springi.

Grenda Mbili: Tupa nyingine siku hizi ni ngumu juu tu, ndani laini. Kwanza ivunje uone.

Fuawe ya Babu: Tupa zangu ni za enzi zile, kijana.

Mhunzi Mchanga: Samahani wakuu, nilisahau kusema. Nataka kisu cha jikoni, na bawaba za geti. Tanuru bado sina.

Tindo Butu: Tanuru huna?!

Mhunzi Mchanga: Mkaa upo. Kuna mashine ya kukaushia nywele, nadhani itapuliza vizuri.

Mama Cheche: Mashine ya nani hiyo?

Grenda Mbili: Na ile ndoo ilikuwa ya maji baridi au ya uvuguvugu? Mama Cheche, nijibu.