MJADALA: Hela ya kikundi iingie mfuko wa hisa "za kijani"? Mi nasema hapana

Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini, Isevya. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina watu 28, na Jumamosi tuna kikao cha kuamua kama milioni 9 zilizopo tununue vipande vya mfuko mmoja wa nje unaowekeza kwenye hisa za kampuni "zinazotunza mazingira", sola, upepo, magari ya betri na kadhalika. Mfuko siutaji. Kijana aliyetuletea hana ubaya, hata yeye kaweka hela yake humo, ila kuna kitu amekirudia mara tatu ndo kimenifanya niandike: "hii haina risk, maana dunia nzima inaelekea huko."

Hapo ndo nakataa. Dunia kuelekea huko sawa, bei ya hisa kupanda ni habari nyingine kabisa. Chukueni mfuko wa iShares Global Clean Energy, wa hisa za kampuni za nishati safi, Januari 2021 ulikuwa juu kabisa kila mtu anaukimbilia, kufika mwisho wa 2023 ulishapoteza zaidi ya nusu ya ile thamani, na mwaka huo huo wa 2023 sola zilifungwa duniani kuliko mwaka wowote uliotangulia! Yaani watu hawakuacha sola. Riba zilipanda, na hizi kampuni zinajenga kwa mikopo mikubwa, faida ikaliwa na mikopo. Orsted, kampuni ya umeme wa upepo ya Denmark, nayo 2023 ikaachana na miradi miwili ya upepo wa baharini kule New Jersey, hisa zikashuka karibu robo kwa siku moja.

Na hilo neno "kijani" nani kalihakiki? DWS, kampuni ya mifuko iliyo chini ya Deutsche Bank, 2023 ilikubali kulipa dola milioni 19 Marekani kwa kuwaeleza wateja sivyo kuhusu inavyozingatia mazingira, 2025 waendesha mashtaka wa Frankfurt, Ujerumani, wakaitoza yuro milioni 25. Volkswagen ndo usiseme, Septemba 2015 faharasa ya Dow Jones ya uendelevu (orodha ya kampuni zinazosifiwa kwa kujali mazingira na jamii) ikaitaja kinara wa kampuni za magari, mwezi huo huo ikajulikana magari yake ya dizeli yana programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Waliowekeza wakiamini wamenunua usafi walijikuta wanamiliki kashfa.

Kipeperushi alichotuachia ninacho hapa mkononi. Mbele kuna jani kubwa na watoto wanacheka. Nyuma, chini kabisa, herufi ndogo mpaka nilitoka nje kwenye mwanga ndo nikaweza kuzisoma, wameandika wenyewe kwamba thamani ya vipande inaweza kushuka na mwekezaji anaweza kupata pungufu ya alichoweka. Kwenye kikao hakuna aliyetusomea hayo.

Mnasemaje?

Mchangiaji, Urambo:
Mkuu heshima yako ila hapa tunapishana. Mi nalima tumbaku, baba yangu alilima tumbaku. Zamani kuni za bani (banda la kukaushia tumbaku) tulikuwa tunakata nyuma ya nyumba, sasa hivi trekta linaenda lisaa lizima ndo linakutana na mti wa maana, miombo imekwisha na hata wenye mizinga ya nyuki wamehama. Mimi hela yangu ikienda kwa mtu anayetengeneza sola nalala vizuri. Risk ipo kila mahali, msimu mmoja mvua ya mawe ilinilalia shamba dakika kumi tu, nikabaki na deni la pembejeo. Ukisubiri kisicho na risk utaishia kuweka hela chini ya godoro na bei za vitu zinapanda kila siku.

Mchangiaji, Nzega:
Kwani lazima nje jamani? CRDB si walitoa hatifungani yao, Kijani Bond, 2023, riba asilimia 10.25 kwa mwaka, miaka mitano. Tanga nao mamlaka yao ya maji ilitoa hatifungani ya kijani 2024. Kijani ya nyumbani ipo.

Mwanzisha mada:
Ndugu wa Urambo, hayo ya miombo umenigusa, mi mwenyewe nimekulia huko Kaliua najua msitu ulivokuwa. Sipingi mtu kuweka hela yake kwenye sola. Napinga hela ya watu 28 ambayo mwezi wa 12 lazima igawanywe. Kuna mama kwenye kikundi anauza dagaa, fungu lake ndo ada ya mwanae Januari, sasa hisa zikiwa zimelala Desemba hiyo tutamwambia asubiri miaka mitatu? Mvua ya mawe ilikupiga kwenye shamba lako mwenyewe, ukajua utafanyaje. Halafu tunaweka shilingi wao wananunua kwa dola, na mwishoni mwa 2024 wote tuliona shilingi ilivyopanda ghafla, aliyekuwa na dola alipungukiwa bila hisa hata moja kushuka.

Wa Nzega, hatifungani ni mkopo, riba imeandikwa na tarehe ya kurudishiwa mtaji inajulikana, hisa haikuahidi kitu. Tusizichanganye kwa sababu zote zimepakwa rangi moja. Na mtu akisema tuanzishe mfuko wa hisa za kijani hapa hapa kwetu, fikirini soko la hisa la Dar lilivyo dogo. Ukitoa sigara (mifuko mingi ya namna hii haigusi tumbaku, sisi watu wa Tabora tulijue hilo), ukatoa bia, ukatoa saruji, unabaki na mabenki zaidi. Mwaka ambao mabenki yanayumba, mfuko mzima unayumba nayo.

Jumamosi nitapendekeza hivi: tukishavunja kikundi Desemba, anayetaka mfuko achukue fungu lake mwenyewe aweke. Ila kabla ya hapo naomba mwenye kikundi ambacho kilishanunua vipande vya hisa atuambie hapa, siku mlipoenda kuuza mlikuta kipande ni shilingi ngapi, na hela ilichukua siku ngapi kufika?