Tumelipia siku nzima ya bahari kuu, tukazungushwa kwenye kina cha mita 40. Huu ni wizi!

Wakuu, nimesubiri siku kadhaa hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, kwa hiyo mnivumilie.

Tulikuwa wanne: mimi, shemeji yangu na jamaa wawili wa kazini. Tulichanga kwa miezi kukodi boti ya uvuvi wa michezo. Makubaliano ninayo kwenye simu mpaka leo: masaa 10, kutoka gatini saa 11 alfajiri, tunakwenda hadi ukingoni, pale sakafu ya bahari inapoporomoka, kutafuta sulisuli na jodari wakubwa. Nusu ya pesa nahodha alishaipokea wiki mbili kabla.

Saa 11 tupo gatini na giza letu. Nahodha katokea saa 1 kasoro, boti haina mafuta. Likatafutwa dumu, likatafutwa dumu la pili, mpaka tunafungua kamba ni saa 2 kasoro dakika 10. Nikamuuliza, "Nahodha, masaa haya tunayafidia jioni?" Akacheka. "Bosi, samaki hawana saa." Sawa, samaki hawana. Mimi ninayo, na nimelipia.

Hayo ningemezea. Sasa njooni kwenye lenyewe.

Nilikaa karibu na usukani, kioo cha kipima kina kipo mbele ya macho yangu. Mita 31. Mita 36. Mita 34. Tukazunguka, tukarudi, mita 41, halafu 38. Maji ya kijani, kama ya kuogelea watoto. Aliyewahi kufika kule nje anajua huhitaji hata kifaa: maji yanabadilika rangi yanakuwa buluu nzito, unaona mstari wa magugu yanayoelea, ndege wanajirusha, kipima kina kinatoka mita mia na kitu kinaanza kusoma mamia. Mkondo unapogonga ukingo ule chakula kinapanda juu, dagaa wanakusanyika, wakubwa wanawafuata. Ndiyo maana watu wanakwenda mbali. Sisi nchi kavu tuliiona siku nzima. Shemeji alikuwa anahesabu minara ya simu.

Mara ya kwanza nilipouliza, jibu likawa, "Leo samaki wamesogea ndani." Baada ya saa nzima bila hata kugongwa, jibu likageuka: "Kule nje bahari imechafuka." Jamani! Shemeji yangu hutapika ndani ya basi, na siku hiyo alikuwa amelala fofofo kwenye benchi, mdomo wazi. Bahari ilikuwa shwari kama karai. Na nieleweke hapa, nahodha akisema hali ya hewa ni mbaya mimi sibishani naye, neno la mwisho ni lake na maisha ni yetu sote. Ila hilo linasemwa gatini kabla ya kamba kufunguliwa, tuahirishe au turudishiwe chetu. Huligundui saa 4 asubuhi baada ya kuulizwa mara mbili.

Sababu ni mafuta, wala tusizunguke. Mafuta ndiyo yanayokula hela ya boti, na kila maili ambayo hakwenda imebaki mfukoni mwake. Boti ina injini mbili, akazima moja. Kwa wasiojua, kurambaza kwa chambo bandia, yaani kukiburuta nyuma ya boti, kunataka mwendo, nots (maili za baharini kwa saa) 6 hadi 9 hivi, kiruke, kizame, kitoe mapovu, samaki adhani ni kitu kinachokimbia. Sisi tulikuwa nots 4. Nilikitazama kile chambo chetu cha zambarau kinaning'inia majini kama soksi iliyosahauliwa kwenye kamba.

Kuna jambo moja bado linaniuma kuliko yote. Kama saa 5 hivi rili ya kushoto, lile gurudumu la kukunjia mshipi, ikalia. Jamaa yangu, mara yake ya kwanza baharini, akaruka akashika rodi, yaani fimbo ya kuvulia, ikapinda, halafu paa! Mshipi umekatika. Baharia anamwambia, "Umevuta vibaya." Nikaukusanya mshipi ule nikaupitisha katikati ya kidole gumba na kile cha shahada. Umekwaruzika vipele vipele kwa urefu wa mkono mzima, umepauka, huo ni mshipi uliochomwa na jua msimu baada ya msimu. Nikaivuta rili kwa mkono, haisogei, breki imekazwa mpaka mwisho! Breki hukazwa kwa mizani, kiasi cha theluthi ya nguvu ya mshipi au chini kidogo. Mshipi wa kilo 24 unawekewa breki ya kilo 7 au 8, samaki akikurupuka apewe nafasi ya kukimbia. Halafu lawama apewe mgeni?

Samaki wa pili baharia akamnasa mwenyewe, akamvuta mwenyewe, akamfikisha nusu ya njia ndipo akatuletea rodi kama mtu anayempa mtoto usukani gari likiwa limeegeshwa. IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi huu kilichoundwa mwaka 1939, hakikubali rekodi ya samaki ambaye rodi yake imeguswa na mtu mwingine wakati wa kupambana. Sikwenda kutafuta rekodi, lakini kilichonipeleka ni mapambano yale, si kuja kushikishwa mzoga.

Alikuwa jodari wa kama kilo 6. Kafunguliwa sanduku la barafu, ndani mna maji ya baridi na vipande vinne vya barafu. Jodari damu yake ina joto, anatakiwa atolewe damu na kufukiwa kwenye barafu papo hapo, akikaa juani anatengeneza histamini, sumu ambayo hata ukimpika haitoki. Na tulipofika, tukaambiwa samaki ni wa boti. Najua kuna boti zenye utaratibu huo, sina tatizo nao. Tatizo ni kuusikia kwa mara ya kwanza wakati kisu kimeshashikwa.

Redio ilikuwa imezimwa safari nzima, na majaketi ya kuokolea maisha yamefungiwa chini ya madumu. Niliyaona tunaposhuka.

Mishipi ilikunjwa saa 7 mchana, saa 8 tupo gatini. Masaa sita na dakika kumi, si kumi. Na bado kijana akasimama kwenye ngazi anasubiri bakshishi.

Niliomba anionyeshe njia tuliyopita kwenye ramani ya chombo chake. Akasema kifaa hakitunzi kumbukumbu. Bahati nzuri simu yangu hutunza, ninao mstari wote, unafanana na tambi iliyomwagika mbele ya ufukwe. Nimemtumia, nimedai nusu ya pesa, ameusoma, kimya.

Waliowahi kurudishiwa pesa na wenye boti, mlianzia wapi? Ushauri wa "samehe tu" sitaki. Juzi ametangaza safari nyingine kwa picha ya jodari yule yule, "moja kwa moja kutoka bahari kuu." Kashikwa na baharia, anatabasamu. Pembeni wamekata picha vibaya, kinaonekana kiwiko cha mtu. Kiwiko kile ni changu.