Ziara ya baiskeli jijini: twende na kiongozi au tukodi wenyewe?

Mgeni_Njiani: Habari wakuu. Nitakuwa siku 2 kwenye jiji kubwa nisilolijua. Kuna ziara ya baiskeli yenye kiongozi, muda wa saa 3, na kuna kukodi na kujizungukia kwa ramani ya simu. Kuendesha najua, ila miaka mingi imepita. Mngechagua ipi?

Gurudumu: Siku ya kwanza kiongozi, ya pili kodi. Mimi Amsterdam nilianza kwa kukodi. Jicho moja kwenye simu, jingine barabarani, tairi likazama kwenye reli ya tramu (treni ya mjini inayopita barabarani), nikaumia goti. Kesho yake kiongozi alitufundisha kabla hatujaondoka: reli uikate moja kwa moja kama unavuka mto, usiende sambamba nayo. Somo la dakika 1.

BiSafari: Pole sana. Lakini uliza kwanza mtakuwa wangapi. Niliwahi kuwa kwenye kundi la watu 20. Kila taa nyekundu ilitukata vipande viwili, wa mbele wakawa kazi yao kusubiri. Tukiwa 8, na msaidizi mmoja mkiani, mambo yalikuwa mengine kabisa. Unasikia maelezo, unauliza, mnapenya vichochoro ambavyo basi la watalii haliingii. Pia kama umezoea kuendesha kushoto na huko ni kulia, kumfuata mtu kunakuzoesha upesi.

Gurudumu: Nakubali. Idadi ya watu ina uzito kuliko aina ya baiskeli.

Kilima: Si kwenye jiji la milima kama Lisbon! Huko chukua ya umeme. Ulaya mota ya kawaida huacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo mwendo usikutishe. Angalia uzito, nyingi hupita kilo 20. Ijaribu kwanza mahali patupu. Kukodi peke yako kunafaa pale barabara zinapofungiwa magari, kama Bogotá siku za Jumapili asubuhi.

Mgeni_Njiani: Asanteni. Nimewauliza wenye ziara, wanasema kundi halizidi watu 10. Nimejiandikisha. Kiti nikiweke juu kiasi gani?

Gurudumu: Pedeli ikiwa chini kabisa, weka kisigino juu yake. Mguu ukinyooka, hapo hapo. Na wakikupa ile ya kufunga breki kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume, omba uizungushe mara mbili tatu kabla hamjaingia barabarani.