Injini ya mtumba, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inasoma chasisi ya gari jingine. Mnunuzi kakimbia, nifanyeje?

Kipara wa Goba (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na mwenye matusi ayaweke kiporo kwanza.

Nina Golf 5 GT TSI, niliagiza kutoka Japani. Mwaka jana nikiwa napandisha Kitonga hosi ya maji ikapasuka, taa ya joto ikawaka, nikajidanganya nitafika Ilula. Sikufika. Injini ikanoki. Kosa langu, nimeshalilia vya kutosha.

Nikanunua injini ya mtumba Ilala, ikaja na kontroli boksi yake. Fundi akafunga vyote viwili, akasema vimezaliwa pamoja visitenganishwe. Gari limetembea miezi minane bila kukohoa.

Jumamosi kaja mteja kutoka Morogoro na fundi wake. Wakasoma namba ya chasisi pale chini ya kioo cha mbele, ikalingana na kadi. Wakainua tairi la spea, stika ya chini nayo ikalingana. Halafu yule fundi akachomeka skana chini ya usukani. Kimya. Akamvuta bosi wake pembeni.

Kwenye kadi: WVWZZZ1KZ7W…
Kwenye skana: WVWZZZ1KZ8W… na tarakimu za mwisho ni tofauti kabisa.

Mteja kanirudishia ufunguo kama umepakwa upupu. "Kaka, gari la wizi mimi siwezi." Hivi injini nayo inabeba namba ya chasisi?

Mtoto wa Gerezani
Pole mkuu, ila mimi IST yangu nimeshabadili injini mara mbili na hakuna skana iliyowahi kunisumbua. Mafundi wa siku hizi wanapenda kutisha watu washushe bei.

Dada Waya
@Mtoto wa Gerezani, IST yako imetengenezwa kwa soko la Japani. Haina VIN, yaani namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17, ina namba ya fremu: NCP60, kistari, kisha namba zake. Skana ikiuliza VIN mara nyingi inarudi mikono mitupu. Golf hata ikipitia Japani imezaliwa Ujerumani, inatembea na zake 17.

Mtoa mada, chuma cha injini hakijui chasisi. Kwenye bloku kuna herufi za aina ya injini na namba yake tu. VIN imeandikwa kwenye memori ya kontroli boksi. Skana inauliza "wewe ni wa gari gani?" nayo inajibu ilivyoandikwa, basi. Na ukiisoma inakupa ukoo wake: WVW ni Volkswagen, ZZZ ni za kujaza nafasi, 1K ndiyo Golf 5, ya kumi ni mwaka wa modeli, ya kumi na moja ni kiwanda, W ni Wolfsburg. Aliyekupa injini ni Golf mwenzio wa modeli ya 2008.

Sasa swali langu. Fundi wako alifanyaje mpaka ikawaka? Imobilaiza (kizuia wizi) ya Golf 5 imo ndani ya kile kibao cha spidi, na kibao, ufunguo na kontroli boksi vinajuana. Ukichomeka boksi ya gari jingine hivi hivi, injini inawaka sekunde moja mbili inazima.

Kipara wa Goba
Dada umepiga penyewe! Siku ya kwanza ilikuwa inawaka na kuzima. Akaipeleka kwa kijana mmoja wa laptopu, ikarudi baada ya siku mbili. Akaniambia "imesetiwa".

Dada Waya
Imesetiwa kweli. Huyo kijana kazima imobilaiza kwenye memori, akaacha VIN ya gari lililotoa injini humo humo. Angeioanisha na kibao chako kwa namba ya siri, kwa kawaida VIN yako ndiyo ingeingia. Na ujue hiyo miezi minane gari lako lilikuwa tayari kuwashwa na ufunguo wowote wa kuchonga usio na chipu. Mwizi angekushukuru.

Chuma Chakavu
Mbona rahisi, futa tu kwa skana. Au kuna jamaa wanaandika VIN yoyote unayotaka.

Dada Waya
Kufuta kodi za hitilafu hakugusi VIN. Na hao wanaoandika "yoyote unayotaka" ndio wanaotufanya wote tuonekane wezi.

Mzee Bonde
Kijana, mimi siyo fundi, nimenunua na kuuza magari tu. Kadi ina namba ya chasisi NA namba ya injini. Umeshakwenda TRA kubadilisha ya injini? Maana hapo mnunuzi mjanja anakukamata bila skana yoyote.

Kipara wa Goba
Shikamoo mzee. Bado. Risiti ya injini ipo, imefifia ila namba inasomeka.

Mzee Bonde
Marahaba. Itoe kopi leo, kabla haijawa karatasi nyeupe. Uanzie huko.

Dada Waya
Nipe herufi za injini zote mbili, ya zamani na hii. Na boksi yako ya zamani iko wapi?

Kipara wa Goba
Zote BLG. Boksi alibaki nayo fundi, alisema haina kazi.

Dada Waya
Haina kazi?! Lifuate sasa hivi. Hii injini mpya ingekuwa BMY, ile ya farasi 140, ningekwambia tulia, usilirudishe, programu ya BLG ya farasi 170 siyo yake. BLG kwa BLG, rudisha boksi lako na ufunguo wako wa asili. Likianza kuunguruma hovyo usiogope, throto (mlango wa hewa ya injini) inatakiwa isetiwe upya kwa skana.

Kipara wa Goba
MREJESHO: Boksi nimelikuta chini ya meza ya fundi, limewekewa kopo la grisi juu. Tumetoa wipa na lile plastiki la chini ya kioo, kumejaa majani ya mwembe, tukachomoa soketi mbili, tukarudisha langu. Ikawaka, mshale wa mizunguko ya injini ukawa unacheza kati ya 900 na 1,300. Fundi umeme kaseti throto, ikatulia. Skana: …1KZ7W, namba yangu yote mpaka ya mwisho. TRA nakwenda Jumatatu na risiti.

Nimempigia mteja wa Morogoro. Kashanunua Premio.

Mtoto wa Gerezani
Kwa hiyo bado inauzwa? Weka picha na bei ya mwisho.